Chakula kilichogandishwa cha samaki simba: tathmini baada ya miezi mitatu

Kumfuga samaki simba katika tangi la maji ya chumvi hapa Kisumu ni kazi yenye kinaya, kwa kuwa ziwa lililo jirani limejaa omena wa bei nafuu ambao mwindaji huyu wa baharini hapaswi kuwategemea. Samaki wengi wa jamii ya omena na samaki-dhahabu wana kimeng'enya cha thiaminasi, kinachoharibu vitamini B1 na ambacho hakimalizwi na friza, hivyo samaki anayelishwa hao peke yao hudhoofika polepole.

Ndiyo maana nilinunua pakiti ya vipande vya ngisi, kamba na samaki wadogo wa baharini katika duka moja la mjini. Ubora wa ngisi umeniridhisha: ni mweupe, hauna harufu kali, na ukiyeyushwa hauchafui maji. Kamba, kwa upande mwingine, walikuwa wameshikamana kwa barafu, dalili kwamba waliyeyuka njiani wakagandishwa tena, na muuzaji hakutaka kulizungumzia jambo hilo.

Siku za kwanza samaki wangu alipuuza kila kitu kisichoogelea. Nilikishika kipande kwa koleo refu, nikakitikisa mbele yake kama samaki hai (mkono wangu ukiwa mbali na miiba yake yenye sumu), na wiki ya pili akakimeza. Sasa namlisha mara tatu kwa wiki. Ngisi nitanunua tena. Kamba nitawatafuta kwingine.