Kwatzi ya waridi au kioo: bangili ipi ununue?

Bangili mbili za rangi ya waridi, moja ya kwatzi (jiwe la asili) na moja ya kioo, zikiwekwa mezani, macho matupu hayatoshi. Mulika kila ushanga kwa tochi ya simu, kisha utazame kwa lenzi ya mara 10. Kioo mara nyingi ni safi mno na huwa na viputo vya duara. Kwatzi ina ukungu na nyufa ndogo. Ukungu huo, na rangi yenyewe, hutokana na nyuzi za madini nyembamba kupindukia zilizomo ndani ya jiwe. Mizani haisaidii sana: kwatzi ina gramu 2.65 kwa sentimita ya ujazo, na kioo cha kawaida hakiko mbali.

Tofauti kubwa ni ugumu. Kwenye kipimo cha Mohs, kinachopima ugumu wa madini kutoka 1 hadi 10, kwatzi ni 7, kioo karibu 5.5, kwa hiyo mchanga hukichubua kioo mapema.

Kwatzi nyingine hupauka zikianikwa juani muda mrefu. Hapo kioo kinashinda. Zote zioshe kwa maji vuguvugu na sabuni laini, kwani joto la ghafla hupasua. Madai kwamba kwatzi ya waridi huvuta mapenzi hayana ushahidi, basi usiyalipie. Kwa mtoto apotezaye kila kitu, nunua kioo.