Bandcamp mikononi mwa lebo ndogo ya Mombasa: uzoefu wangu

Nianze na jibu, maana wengi wanaoniuliza kama Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni, inamlipa msanii mdogo hawana haja na hadithi. Ndiyo, Bandcamp inalipa, tena inalipa vizuri kuliko njia yoyote nyingine tuliyojaribu. Ila anayelipa ni msikilizaji aliye mbali. Jirani yako wa Majengo hatanunua huko, na ukilijua hilo mapema utapanga biashara yako sawasawa.

Sisi ni lebo ya watu wawili. Tunafanya kazi na wanamuziki wa Mombasa na Kwale wasio na kampuni nyuma yao: kikundi cha taarab kinachoishi kwa harusi, mzee mmoja mpiga udi, vijana wa bango (muziki wa dansi wa pwani), na binti anayeimba chakacha juu ya biti za kompyuta. Tunarekodi, tunasafisha sauti, tunatengeneza jalada, tunauza. Gharama zikishatolewa, mwanamuziki anachukua sabini kwa mia, sisi thelathini, na rekodi inabaki mali yake. Biashara yenyewe si ngeni mjini. Assanand & Sons walikuwa na duka na lebo yao ya Mzuri, wakitoa santuri za waimbaji wa pwani. Baadaye Mbwana Radio Service wakatamba na kaseti. Mtu aliingia, akasikilizishwa, akalipa, akatoka na kitu mkononi. Kaunta ile ndiyo iliyokufa. Nyimbo zilipoanza kuzunguka bure kutoka simu hadi simu, hakuna aliyejua tena mteja wake ni nani wala yuko wapi.

Tulianza kama kila mtu, kwa kupeleka nyimbo kwenye majukwaa ya kusikiliza. Spotify ilifika Kenya 2021, Boomplay ilikuwapo kabla, na huwezi kuyakwepa majina hayo kwa sababu msanii mwenyewe anataka ajione humo. Lakini tangu 2024 Spotify haihesabii malipo wimbo ambao haujafikisha misikilizo 1,000 katika miezi kumi na miwili. Kwa nyota wa Nairobi hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Kwa bashraf, kipande cha ala kisicho na maneno, tena cha udi peke yake, labda mwaka mzima. Juu ya hayo, msambazaji tuliyemtumia kupeleka nyimbo humo (jina nalihifadhi) alikuwa na kiwango cha chini cha kutoa pesa ambacho hatukukifikia, na ada yake ya mwaka ilikuwa ikija bila kukosa. Tukawa tunalipa ili tusilipwe.

Bandcamp ni kitu kingine. Ilianzishwa California mwaka 2008, nayo ni duka. Msanii au lebo anafungua ukurasa, anapandisha faili safi za WAV au FLAC, anapanga bei mwenyewe, na mnunuzi anapakua akae nazo maisha. Kampuni inachukua asilimia 15 ya mauzo ya muziki wa kupakua na asilimia 10 ya bidhaa za kushikika. Ukivuka mauzo ya dola 5,000 kwa mwaka, ile 15 nayo inashuka hadi 10. Kufungua ukurasa wa kawaida ni bure. Sisi tuko kwenye akaunti ya lebo, dola 20 kwa mwezi, inayobeba wasanii hadi 15 chini ya mwavuli mmoja.

Tuchukue albamu ya dola 7. Fungu la Bandcamp ni dola moja na senti tano, PayPal, wanaopitisha malipo, nao wanakata ada yao, na kwetu inaingia dola tano na ushei. Mnunuzi anaruhusiwa kuongeza juu ya bei, na wanaongeza kweli, hasa waliozaliwa huku wakahamia Toronto au London. Kuna mama wa Muscat aliyelipa mara tatu ya bei na kuandika kwamba sauti ya ganuni ile aliisikia mara ya mwisho kwenye harusi ya dada yake, Kibokoni. Wimbo mmoja mmoja wa dola moja siushauri, kwa sababu ada ya malipo ina kiasi kisichobadilika kinachong'ata vibaya bei ndogo. Kusanya nyimbo nne au tano, uuze kwa pamoja.

Kuna jambo linalowachanganya wanamuziki, nalo lazima ulieleze kabla ya mauzo ya kwanza. Bandcamp haikati fungu lake kila mara mtu anaponunua. Inaliandika kama deni, na deni likikua, inachukua mauzo mazima yanayofuata kulifidia. Mzee wetu wa udi huja ofisini Ijumaa baada ya swala, anavaa miwani, anaisoma orodha mstari kwa mstari. Siku moja akakuta albamu imeuzwa lakini kwenye safu ya malipo hamna kitu.

"Mwanangu, huyu amenunua. Pesa i wapi?"

Nikamfungulia ukurasa wa hesabu, nikamwonyesha mauzo yaliyotangulia ambayo hayakukatwa hata senti, tukajumlisha pamoja kwa kalamu. Akaridhika, ila akataka kuanzia siku hiyo apewe karatasi yenye safu tatu: kilichouzwa, kilichokatwa, kilichobaki. Sasa kila msanii wetu anapata karatasi hiyo mwisho wa mwezi, imechapishwa, si picha ya simu. Ukiuliza kwa nini wasanii wanakaa nasi, nadhani ni karatasi ile kuliko chochote tulichofanya studioni.

Thamani kubwa zaidi kwangu ni barua pepe za wanunuzi. Ukurasa unakuonyesha nani amenunua na yuko nchi gani, na unaweza kuwaandikia wanaokufuata moja kwa moja. Ile kaunta niliyosema imekufa, hapa imefufuka kwa namna fulani. Ndivyo tulivyojua kwamba wateja wa taarab yetu wengi wako Oman, Uingereza na Kanada, na wa chakacha ya biti wako Ujerumani na Uholanzi, watu wasiojua hata neno la Kiswahili. Hilo lisikushangaze. Nyege Nyege Tapes ya Kampala imeuza singeli ya Dar es Salaam, ile ya Sisso Studios kule Mburahati, kwa wasikilizaji wa namna hiyo hiyo, na imeuza sana kupitia Bandcamp.

Bidhaa zetu ni leso. Fulana kila mtu anazo. Sisi tunachukua mshororo mmoja wa wimbo, tunaufanya jina la leso, tunachapisha doti chache na kuziuza pamoja na albamu. Mnunuzi wa doti anapata na nyimbo za kupakua. Inapendwa kupita matarajio, na fungu la kampuni kwenye bidhaa ni dogo. Kazi iko kwenye kutuma: nauli ya posta unaipanga wewe kwa kila nchi, kwa hiyo beba mzigo uliokwisha fungwa, bahasha na yote, ukaupime Posta kabla hujaandika bei. Leso inaonekana nyepesi mpaka ifike kwenye mizani.

Ijumaa za Bandcamp nazo msizipuuze. Zilianza tarehe 20 Machi 2020, wakati wa korona, kampuni ilipoamua kusamehe fungu lake kwa siku nzima ili wasanii wapate zaidi. Zikaendelea kwa tarehe zinazotangazwa mapema. Siku inahesabiwa kwa saa za California, kwa hiyo kwetu inaanza saa nne asubuhi, au saa tano wakisharudisha saa zao nyuma, na inaendelea hadi Jumamosi asubuhi. Toleo jipya tunalishikilia mpaka siku hizo, kisha tunawaandikia wafuasi usiku wa kuamkia.

Sasa pesa kufika mkononi. Malipo yanapitia PayPal, na Kenya tuna bahati kwamba tangu 2018 unaweza kuitoa PayPal kwenda M-Pesa. Majina ya akaunti mbili hizo yafanane. Kiwango cha kubadilishia dola si kizuri, kwa hiyo hatutoi kidogo kidogo. Mtanzania anayesoma hapa ajue kwamba PayPal ya kwao imekuwa ya kulipia tu, si ya kupokea, na hilo ndilo linalowafanya wasanii wengi wa Tanga na Unguja wapitie kwa lebo iliyo nchi nyingine. Ukipita njia hiyo, andikianeni mkataba, hata wa ukurasa mmoja, wenye asilimia na tarehe ya malipo.

Na mteja wa hapa nyumbani? Kulipa kwa M-Pesa kwenye ukurasa wa Bandcamp hakuna, na mtu wa Likoni hatatafuta kadi ya benki kwa ajili ya wimbo. Huyu tunamfuata alipo. Bandcamp inatoa namba za kupakulia, tunazichapisha kwenye vikadi na kuziuza kwenye meza ya harusi kwa Till ya M-Pesa. Vijana wanazitumia, wazee wanaomba wawekewe kwenye flashi, nasi tunawawekea. Pia tunasajili vipande kwenye Skiza, huduma ya Safaricom ya miito ya simu, maana marekebisho ya sheria ya hakimiliki ya 2022 yaliweka kwamba msanii asipate chini ya asilimia 52 ya pesa ya miito ya simu. Kwa kikundi cha harusi, mwito unaosikika kila mtu akimpigia bibi harusi ni tangazo tosha.

Kinachonitia wasiwasi ni mwenye duka. Mwaka 2022 Bandcamp ilinunuliwa na Epic Games, kampuni ya michezo ya kompyuta, 2023 ikauzwa tena kwa Songtradr, kampuni ya leseni za muziki, na karibu nusu ya wafanyakazi wakapoteza kazi. Ukurasa wetu haujabadilika na malipo hayajakwama. Hata hivyo, kila mwezi tunapakua orodha ya wanunuzi na kuihifadhi kwetu, na faili za rekodi ziko kwenye diski mbili, moja ofisini, moja kwa mama.

Naipa nyota nne. Inafaa kwa mwenye muziki wenye watu wake ughaibuni, mwenye subira ya kuandika barua, na mwenye PayPal inayopokea. Kama msanii wako anaimba nyimbo za kampeni au za klabu ambazo zitasahaulika Desemba, usijisumbue, mpeleke kwenye Skiza na Boomplay, halafu mtafutie shoo.