Tathmini: Huduma ya Geocaching juu ya mgongo wa mlima, ukiwa na mbwa

Huduma ya Geocaching humwonyesha mtumiaji mahali ambapo watumiaji wenzake wameficha vikasha, humpa viwianishi vya GPS (namba zinazotaja mahali) vya kila kimoja, kisha humwachia kazi ya kukifikia, kukifungua, kutia saini katika kijitabu kilichomo na kukirudisha palepale alipokikuta. Nimeitumia kwa miaka kadhaa katika njia za tambarare bila kuwa na la kulalamikia. Tathmini hii inahusu matumizi ya aina moja tu, yaani matembezi ya siku nzima juu ya mgongo wa mlima pamoja na mbwa, kwa sababu huko ndiko nilikotambua kwamba mshale wa kwenye simu unaoelekeza kilipo kikasha, ambao ndio unaosifiwa zaidi, una msaada mdogo kuliko maandishi ya waliotangulia, ambayo wengi wetu huyaruka.

Mshale wenyewe ni mzuri. Mchezo huu ulizaliwa Mei 2000, mara tu Marekani ilipoacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia, na juu ya mgongo wa mlima, ambako anga liko wazi pande zote, simu ya kawaida hunasa setilaiti za kutosha kumfikisha mtu umbali wa mita chache kutoka kwenye kikasha. Viwianishi huandikwa kwa nyuzi na dakika zenye tarakimu tatu za desimali, na tarakimu ya mwisho ya latitudo ikiongezeka kwa moja, mahali husogea kwa takriban mita 1.85, kiwango ambacho kinazidi uwezo wa simu nyingi. Ila umbali unaosomeka kwenye kioo ni wa mlalo tu. Simu inaposema zimebaki mita 40, haisemi kwamba mita hizo 40 ziko upande wa pili wa genge, wala kwamba njia salama inakutaka urudi nyuma nusu saa ndipo ushuke. Chini ya ukuta wa mwamba hali huwa mbaya zaidi, kwani mawimbi hugonga jiwe kabla ya kuifikia simu, na mshale huanza kuzunguka kama kuku aliyepoteza vifaranga. Mtu aliye peke yake anaweza kusimama na kutafakari. Aliyefunga kamba ya mbwa kiunoni huvutwa kuelekea ukingoni huku macho yake yakiwa kwenye simu. Kanuni niliyojiwekea ni kuirudisha simu mfukoni zinapobaki mita 20, na kutafuta kwa macho.

Kila kikasha hupewa nyota kati ya 1 na 5, kwa hatua za nusu nusu, mara mbili: moja kwa ugumu wa kukipata, nyingine kwa ugumu wa ardhi. Nyota 1 ya ardhi huashiria mahali panapofikika kwa kiti cha magurudumu, na nyota 5 huashiria mahali panapohitaji vifaa maalumu, kama vile kamba za kupandia. Mpangilio huo unaeleweka vizuri, isipokuwa umepimwa kwa mwili wa binadamu. Kikasha cha tatu katika safari yangu kilikuwa na nyota 2.5, ambazo kwa mtu ni mteremko wa kawaida tu, na kweli nilifika hadi chini yake bila taabu. Hapo palikuwa na ngazi moja ya jiwe iliyofika usawa wa kifua changu. Kwangu ilikuwa ni kuweka mikono juu na kujivuta. Kwa mbwa wangu, ambaye ni mzito kubebwa na mfupi kuruka, ulikuwa mwisho wa safari. Alinitazama kwa namna ambayo sikuhitaji mkalimani.

Nilipokaa kivulini kusoma maandishi ya waliotangulia, niliyokuwa nimeyapakua kabla ya kuondoka, nilikuta watu wawili wameeleza wazi kwamba mbwa wao walibaki chini na mwenzao mmoja. Maelezo ya kikasha chenyewe yalinyamaza kabisa. Huduma ina alama ya kuonyesha kama mbwa wanaruhusiwa, lakini kuruhusiwa si kuweza, na mwenye kikasha ndiye anayeamua ajaze nini. Kwa hiyo napendekeza kupakua orodha nzima pamoja na maandishi ya wageni, kisha kuiweka simu katika hali ya ndegeni, ambayo kwenye simu nyingi huiacha GPS ikifanya kazi na kuipunguzia betri mzigo wa kuhangaika kutafuta mtandao.

Baadhi ya kanuni za huduma hii ni kama zilitungwa kwa kumfikiria mbwa. Vikasha havipaswi kukaribiana kwa chini ya mita 161, jambo ambalo kwenye njia yenye vikasha vingi huleta vituo vya mara kwa mara, na mnyama anayepoza mwili kwa kuhema hufaidika na kila kituo ikiwa umebeba maji yake. Ni marufuku kuchimba shimo la kuficha kikasha, kwa hiyo mbwa hana sababu ya kufukua. Chakula nacho hakiruhusiwi ndani. Yupo aliyekiuka kanuni hiyo kwenye kikasha cha tano, kwani mbwa wangu alikigundua kabla yangu kwa harufu ya peremende zilizoyeyuka, na hiyo ndiyo mara pekee aliyonishinda katika mchezo huu.

Mtumiaji asiyelipia huona sehemu tu ya vikasha, nami sikuona upungufu huo ukiniharibia siku. Kwa njia ya mgongo wa mlima naipa huduma nyota nne kati ya tano ikiwa uko peke yako, na tatu ukiwa na mbwa. Kikasha cha tatu bado hakina saini yangu. Niliporudi nyumbani nilikiandikia maelezo mafupi yanayotaja urefu wa ile ngazi ya jiwe, kwamba sikuona njia ya kuizunguka, na mahali penye kivuli ambapo mbwa anaweza kusubiri akiwa na mtu.