DhowCSD: kuikopesha serikali kwa simu

Tangu 2023, programu hii ya Benki Kuu ya Kenya imempunguzia mwananchi foleni na fomu. Ukiwa na shilingi 50,000 unaingia kwenye hati za hazina, yaani mikopo ya muda mfupi kwa serikali, za siku 91, 182 au 364, zinazopigwa mnada kila wiki. Usiyejua utaje riba gani, chagua riba ya wastani ya mnada. Ukitaja riba ya juu mno unaachwa nje. Wengi hukwamia malipo, maana programu haikati pesa yenyewe. Subiri matokeo, chukua namba ya malipo, tuma kupitia benki yako kabla ya makataa, la sivyo ombi linafutwa. Huduma ni safi. Sera ndiyo inakera: serikali ikikopa kwa riba nono, benki nayo huikopesha serikali, haina haraka ya kumkopesha mama mboga.