Bass au Allsopp: kipi kilianguka vibaya zaidi?

Viwanda hivi viwili vya bia vilikuwa Burton upon Trent, mji wa Uingereza, vikichota maji ya visima yenye jasi nyingi. Salfeti, chumvi iliyomo katika maji hayo, huufanya uchungu wa hopsi (maua yanayotiwa kwenye bia) uwe mkavu, usigande kwenye ulimi; ndiyo iliyozipa sifa bia zao zilizosafirishwa hadi India.

Bass, iliyoanza 1777, ilikua kwa jina. Pembetatu yake nyekundu ndiyo alama ya biashara namba 1 Uingereza, iliyosajiliwa 1876. Bia ilichachukia kwenye safu za mapipa ya mwaloni: povu la hamira hupanda kwenye bomba lililopinda kama shingo ya bata, likamwagikia horini, hamira ikatuama na bia ikarudi pipani. Mtindo mzuri, lakini mapipa hayo yanataka mafundi na usafi usioisha. Bass iliuacha miaka ya 1980.

Allsopp ilijikwaa mapema. Ilichelewa kununua baa za kuuzia bia yake, kisha ikazinunua kwa mkopo bei zikiwa juu. Tena 1899 ikaweka mtambo wa laga, bia inayochachushwa kwenye baridi, kabla wanywaji hawajaitaka. Mwaka 1911 ikaangukia mikononi mwa wafilisi, baadaye ikaungana na Ind Coope, kampuni nyingine ya bia.

Bass haikufilisika. Amri ya serikali ya 1989 ilibana idadi ya baa zake, na mwaka 2000 ikauza biashara yake ya bia kwa Interbrew, kampuni ya bia ya Ubelgiji, ikabaki na hoteli na baa. Kifedha ilitoka salama. Lakini makonda wa Thika Road, Nairobi, wanaita "Allsops", jina la kituo, kila siku, si Bass.