Ujaze nini kwenye kanista ya tangi la samaki? Vijazo vitano, kuanzia kinachostahili pesa yako

Mtu akienda kununua kichujio cha kanista, lile debe linalokaa kwenye kabati chini ya tangi, swali la kwanza huwa ni moja: linasukuma lita ngapi kwa saa? Idadi iliyo kwenye boksi mara nyingi hupimwa debe likiwa halina kitu ndani. Ukishalijaza, nguvu hupungua, na ukilijaza ovyo hupungua zaidi. Kwa hivyo kama mfuko umebana, chukua debe la kawaida, pesa inayobaki uitumie kwa vijazo. Na hata hapo, si lazima iwe nyingi.

Nimefuga samaki Kisumu kwa miaka kadhaa, wengi wao fulu, wale wadogo wa ziwani wanaogombana kutwa nzima na kula kama wageni wa matanga. Wanachafua maji kweli kweli. Hivi ndivyo ninavyovipanga vijazo, kuanzia kile ningenunua kwanza.

Namba moja ni sponji ya matundu makubwa, na sioni mpinzani wake. Sponji inanasa mavi ya samaki na mabaki ya chakula, kisha humo humo kwenye matundu wanaishi bakteria wanaogeuza amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki, kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati isiyo na sumu kali. Kazi mbili, bei ya moja. Inakatwa kwa makasi, inakamuliwa, inarudishwa, na inadumu miaka. Nusu nzima ya debe langu ni sponji.

Lakini iwe sponji ya kuchujia. Mwaka wangu wa kwanza nilienda Kibuye siku ya Jumapili, nikamkuta mama anayeuza vipande vya magodoro. Nikamuuliza, “Mama, hii haina dawa?” Akanitazama. “Kijana, godoro ni godoro. Unalala au hulali?” Nikanunua. Matundu yake yalikuwa madogo kama ya mkate, na baada ya wiki moja maji yalikuwa yanadondoka badala ya kumiminika. Isitoshe, baadhi ya magodoro hutiwa kemikali za kuzuia moto, na huwezi kujua kwa kutazama. Mama wa watu hakuwa na kosa. Mimi ndiye niliyeenda kutafuta kichujio kwenye godoro.

Namba mbili, mawe ya volkano yenye vitundu, makazi mengine ya bakteria hao. Hapa watu wa Nakuru wamebarikiwa kutupita mbali. Ni jiwe lile lile jepesi tunalosugulia visigino, na Bonde la Ufa limejaa hilo. Vunja vipande vya ukubwa wa limau dogo, osha hadi vumbi liishe, kisha chemsha, maana likiwa kavu linaelea juu ya maji kama kizibo. Kabla ya yote, lidondoshee siki. Likitoa povu lina chokaa, na litapandisha pH, kipimo cha ukali wa asidi au magadi ya maji. Usiokote kando ya Ziwa Nakuru: ile ni mbuga ya taifa, na mawe ya pale yameganda magadi.

Ukiwa Nakuru, usipunguze sehemu hii ya bakteria hata kidogo. Maji mengi ya visima vya huko yana pH ya juu, na pH inapopanda, sehemu kubwa zaidi ya amonia hugeuka ile aina inayoua samaki. Kiasi ambacho samaki wangu wangekivumilia kwenye maji ya kawaida kinaweza kuwamaliza wa kwako.

Namba tatu, pete za keramiki. Ni nzuri, sikatai. Zinaacha maji yapite vizuri, hazisagiki kuwa vumbi. Ila zile zenye jina kubwa unalipia jina. Kama tangi lako si la samaki wengi, mawe hapo juu yanatosha. Hata brashi za plastiki za kusugulia sufuria, zikiwa mpya na hazina sabuni, bakteria wanazikubali. Zile za nyuzi za chuma hapana.

Namba nne, pamba ya poliesta, ile ya kujazia mito. Inang’arisha maji kuliko kitu chochote, kwa bei ya chai. Inaziba upesi, kwa hiyo ni ya kutupa, si ya kufua.

Mwisho kabisa ni kaboni, makaa yaliyotengenezwa maalumu kwa kuchuja. Madebe mengi huja na mfuko wake, ndiyo maana watu hudhani ni lazima. Inafaa kuondoa rangi ya maji, harufu, au dawa ukimaliza kumtibu samaki. Wakati wa kutibu, itoe, la sivyo inameza dawa yako. Baada ya mwezi hivi imechoka. Makaa ya jikoni hayachukui nafasi yake. Zeolaiti, aina ya madini, inameza amonia, nayo naitunza kwa siku ya dharura tu.

Kaboni inahitaji mfuko, na hapa nikaze sauti: usishone mfuko huo kwa chandarua cha zamani. Vyandarua vingi tulivyogawiwa vimetiwa dawa ya mbu ya jamii ya pareto, na dawa hiyo ni sumu kali kwa samaki. Tumia soksi ndefu ya nailoni.

Kupanga sasa. Tazama kwanza maji yanaingilia wapi. Kwenye madebe mengi yanashuka hadi chini kabisa, ndipo yanapanda kupitia vikapu, kwa hiyo kikapu cha chini ndicho cha kwanza. Hapo weka sponji ya matundu makubwa, juu yake sponji ya matundu madogo, halafu pamba, kisha mawe au pete, na kaboni juu kabisa ukiwa nayo. Pamba ikikaa chini itaziba ndani ya siku chache. Na usishindilie, maji hupita penye urahisi, ukibana katikati yatazunguka pembeni bila kuchujwa.

Halafu kuna stima. Ikipotea usiku mzima, bakteria ndani ya debe lililofungwa hukosa oksijeni na kuanza kufa. Ikirudi, usiliache liwake lenyewe. Lifungue, unuse. Likinuka mayai yaliyooza, mwaga maji yale nje, usiyarudishe kwa samaki.

Kuosha ni kwenye ndoo ya maji uliyotoa tangini, si chini ya mfereji, kwa sababu klorini ya mfereji inaua bakteria hao hao uliowasubiri wiki nne hadi sita wakue. Mimi hukamua sponji mara tatu au nne, na siku hiyo mawe siyagusi. Maji ya kwanza hutoka kama chai ya maziwa, ya mwisho kama strungi, chai isiyo na maziwa. Nikifika kwenye strungi naacha.