Faneli ya kutolea hewa kwenye rejeta: nimeitumia, haya ndo maoni yangu

Kiukweli hii kitu nilikuwa naiona kama madoido, faneli kubwa ya plastiki yenye adapta za kufunga kwenye mdomo wa rejeta, nikawa najiuliza kwani chupa ya maji iliyokatwa ina shida gani. Ila gari yangu ilikuwa na ule mchezo wa hewa kunasa kwenye mfumo wa kupoza injini, geji ya joto inapanda kidogo ikisimama kwenye foleni afu ikianza kutembea inashuka yenyewe, hita inatoa moto ukikanyaga na inapoa ukiachia. Feni nilishaicheki inazunguka vizuri, kifuniko cha rejeta kipya, hamna sehemu inayovuja. Sa hapo ni hewa tu imejificha ndani, kwa hiyo nikaona nimwage kila kitu nisafishe mfumo mzima, nijaze upya na nitoe hewa mwenyewe nyumbani.

Kwenye kusafisha sina maneno mengi. Nilitumia ile dawa ya kusafishia rejeta, unamwaga, unaiacha injini iungurume muda ulioandikwa kwenye chupa, unasubiri ipoe kabisa ndo unafungua chini. Ikatoka na kutu kiasi. Lakini nahisi kazi kubwa waliyafanya maji yenyewe, maana niliendelea kujaza na kumwaga mpaka yakatoka meupe. Kama kulanti yako (yale maji ya rangi ya kupoza injini) haina uchafu wa kutisha dawa unaweza kuiruka. Kitu cha kuangalia zaidi ni kwamba maji ya kusuuzia hayatoki yote hata ufanyeje, mengine yanabaki kwenye bloku (mwili wa injini) na kwenye hita, kwa hiyo ukimwagia kulanti iliyokwisha kuchanganywa inazidi kuwa nyepesi. Bora ununue ile nzito isiyochanganywa na maji, cheki kitabu cha gari mfumo unabeba lita ngapi, tuseme 6, unaanza kuweka lita 3 za kulanti nzito afu nafasi inayobaki ndo unajaza maji yasiyo na chumvichumvi (distilled), hapo unapata nusu kwa nusu ya kweli. Maji ya bomba yanaacha magaga kwenye vijia vya rejeta. Na rangi isikudanganye wakuu, kijani kwa kijani haimaanishi ni kulanti moja, soma aina iliyoandikwa kwenye kitabu.

Haya sasa faneli. Unachagua adapta inayokaa kwenye mdomo wa rejeta (au wa tanki kama gari yako haina kifuniko kwenye rejeta), unakaza, unachomeka faneli juu, unajaza kulanti mpaka kama nusu yake. Siri yote ipo hapo, faneli inakuwa juu kuliko kitu kingine chochote kwenye mfumo, na hewa inapenda kupanda, kwa hiyo haina pa kujificha, inatoka yenyewe na kulanti inashuka kuchukua nafasi. Ukiweza kupandisha pua ya gari kidogo ndo inakuwa rahisi zaidi. Hita weka moto wa mwisho, feni ya ndani weka ndogo, washa injini uache.

Mwanzoni vinatoka vipovu vidogo vidogo unaweza kudhani kazi imeisha. Usidanganyike. Subiri themostati (ile vali inayoruhusu kulanti kupita kwenye rejeta injini ikipata moto) ifunguke, magari mengi ni kati ya nyuzi 82 na 92, hapo utaona faneli inatoa povu kubwa kwa kishindo afu kulanti inashuka ghafla, ile ndo hewa iliyokuwa inakusumbua. Kwa kweli nilifurahi kuiona, na ndo sababu naipenda faneli, kwa chupa iliyokatwa povu kama lile lingenirushia kulanti ya moto mkononi ila hapa linaishia ndani ya bakuli. Baada ya hapo nikawa nakanyaga mpaka kama mizunguko 2000 kwa dakika hivi na kuachia, naminya bomba la mpira la juu la rejeta nikiwa na glavu, vikaendelea kutoka kidogo kidogo mpaka feni ikawaka na kuzima zaidi ya mara moja bila kipovu hata kimoja. Hita ikawa inatoa moto muda wote hata bila kukanyaga. Nikazima, ikapoa, nikaziba faneli kwa kile kijiti chake nikaitoa na kulanti iliyobaki bila kumwaga tone.

Kasoro zipo. Mpira wa kwenye adapta ni mwembamba, yangu ilikuwa inachuruzika mpaka nikaikaza upya, na plastiki yenyewe haionekani kama itavumilia kukazwa kwa hasira. Adapta nyingine sijui za gari gani. Afu isije mtu akadhani inafaa kwa kila gari, kama yako ina nati ya kutolea hewa karibu na themostati bado utaifungua, na zenye wota pampu ya umeme kama baadhi ya BMW zina utaratibu wake, kitabu kifuatwe.

Faida nyingine ambayo sikuitegemea ni kwamba faneli inakuonyesha kama tatizo ni kubwa kuliko hewa. Vipovu vikiwa havikomi, injini ishapata moto vizuri na ukikanyaga vinaongezeka, hiyo inaweza kuwa gasi ya silinda inapita kwenye gasketi ya hedi (kizibo kati ya bloku na kichwa cha injini), na hapo hata ukikesha na faneli hutamaliza. Kuna kipimo cha maji ya bluu yanayogeuka njano yakikutana na hiyo gasi, fanya hicho kwanza kabla hujaanza kununua vitu.

Asubuhi yake cheki tena kiwango injini ikiwa baridi, yangu ilishuka kidogo nikaongeza. Ile ya zamani ifunike vizuri mbali na watoto na wanyama, ni tamu na ni sumu. Kuna pia kifaa kingine cha kunyonya hewa yote kabla ya kujaza, wanakisifia sana lakini kinataka kompresa ya upepo, kwa mtu mwenye gari moja nyumbani mimi ningechukua faneli tu. Nyota nne, ya tano nimeinyima kwa ajili ya ule mpira.